Lupasi na maumivu ya viungo: umeze parasetamo, ibuprofeni, diklofenaki, au uongeze predinisoloni?

Mwezi wa saba Moshi kuna baridi ya kuingia mifupani, na kaunta yangu ya duka la dawa hujaa watu wanaojikanda vidole. Wengi ni wazee wa baridi yabisi na akina mama waliotoka shamba. Wachache ni mabinti wa miaka ishirini na thelathini wenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Kati ya wagonjwa kumi wa lupasi, takribani tisa ni wanawake. Hao ndio ninaowaandikia, pamoja na wenzao wenye ugonjwa mchanganyiko wa tishu unganishi, ule ambao dalili za lupasi, za ngozi kukakamaa na za misuli kuvimba hukutana kwa mtu mmoja. Swali lao wakifika huwa moja: "Dokta, kati ya hizi nichukue ipi?"

Zamani nilijibu kwa sekunde tano. Siku hizi nauliza kwanza, na sababu ni dada yangu.

Dada ana lupasi kwa miaka mingi sasa. Siku moja alimeza ibuprofeni kwa ajili ya magoti, jioni akaanza kutetemeka, kichwa kikamgonga, mwanga wa taa ukawa unamchoma macho. Zahanati moja wakamtafutia malaria, kipimo kikakataa, akapewa dawa za taifodi (hapa kwetu ukikosa malaria hukosi taifodi au UTI). Kwa vile alikuwa anatapika, vile vidonge vya magoti akaviacha mwenyewe. Baada ya siku mbili akawa mzima, na dawa za taifodi zikapata sifa zisizo zao.

Miezi ikapita. Magoti yakarudi, ibuprofeni ikarudi, na safari hii hazikupita saa tatu. Shingo ilikaza mpaka hakuweza kuinamisha kidevu kiguse kifua. Hospitali walimlaza, wakachukua maji ya uti wa mgongo: chembe nyeupe tele, sukari ya kawaida, bakteria hakuna. Daktari wa zamu akamuuliza kitu ambacho mara ya kwanza hakuna aliyemuuliza: "Dada, leo umemeza nini?" Karatasi ile ya vidonge ilitoka kwenye kaunta yangu. Nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu.

Kilichompata

Ni homa ya uti wa mgongo isiyo na bakteria. Tando zinazofunika ubongo na uti wa mgongo huvimba, dalili zote zinakuwepo, lakini yale maji yakioteshwa maabara hakuoti kitu. Kwa mwenye lupasi kuna milango mitatu. Lupasi yenyewe inaweza kuzivamia tando hizo. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kilipoorodhesha namna 19 ambazo lupasi hugusa ubongo na mishipa ya fahamu, hii ilikuwemo. Mlango wa pili ni vimelea visivyoonekana kwenye vipimo vya kawaida vya bakteria, kama virusi, fangasi na TB, hasa kwa anayetumia dawa za kushusha kinga. Wa tatu ni dawa, na katika dawa za maumivu ibuprofeni ndiyo inayotajwa kuliko zote. Taarifa iliyofungua macho ya madaktari, ya mwaka 1978, ilihusu mgonjwa wa lupasi.

Nisiwatishe: jambo hili ni nadra. Wagonjwa wengi wa lupasi wamemeza ibuprofeni bila kuona lolote. Ila ukiwatazama waliopatwa, wenye lupasi na wenye ugonjwa mchanganyiko wa tishu unganishi wamo kwa wingi usiolingana na idadi yao mitaani. Wataalamu wanalichukulia kama aina ya mzio, wala si sumu ya kuzidisha dozi. Ndiyo maana kidonge kimoja kinatosha. Ndiyo maana pia mtu anaweza kuimeza dawa miaka mitano bila neno, siku moja ikamgeukia, na akiirudia ikaja kwa kasi kuliko mwanzo.

Nilivyozipima

Nimetazama mambo manne. Dawa inatuliza maumivu tu, au inashusha na uvimbe? Hatari yake kwa kichwa na shingo ikoje? Inafanya nini kwenye figo, tumbo na presha? Hapa nasema wazi kwamba kwa mwenye lupasi, figo ndizo zinazoninyima usingizi kuliko hata homa ya uti wa mgongo, maana zinaumia kimyakimya na kwa watu wengi zaidi. La mwisho ni upatikanaji, kwa sababu ushauri unaomtuma mtu kutoka Usa River mpaka Moshi mjini saa tano usiku kutafuta kidonge si ushauri.

Parasetamo

Inatuliza maumivu na kushusha joto. Uvimbe haiugusi. Ukiamka vidole vimevimba kama ndizi na huwezi kufunga kifungo cha blauzi, parasetamo itapunguza kuuma lakini kifungo bado kitakushinda. Hilo ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi: "Hii haifanyi kazi." Inafanya, ila ulitaka kazi ambayo siyo yake.

Kwa kichwa na shingo, ndiyo yenye rekodi tulivu kuliko zote ninazozilinganisha hapa. Tumbo hailichokozi, na kwa dozi ya kawaida ni rafiki wa figo kuliko kundi la ibuprofeni. Adui yake ni ini. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na mwenye mwili mdogo, mnywaji au mwenye shida ya ini anatakiwa abaki chini ya hapo. Watu huvuka kiwango bila kujua kwa sababu parasetamo imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua na za mchanganyiko.

Kupatikana hakuna swali. Hata dukani kwa Mangi ipo.

Ila kuna kitu kimoja kidogo: parasetamo huficha homa. Anayetumia predinisoloni (dawa ya kushusha uvimbe na kinga) tayari homa yake inaweza kuwa imefichwa nusu, na akiongeza parasetamo anabaki bila kengele. Kabla ya kumeza, pima joto, andika. Kipimajoto cha kwapa hakigharimu sana na kinadumu miaka.

Ibuprofeni

Wengi wanaijua kwa jina la Brufen. Kwa kiungo kilichovimba, haki yake tuipe: inafika ndani ya saa moja, inashusha maumivu na uvimbe pamoja, na kwa ule ugumu wa asubuhi mtu anauona mwili ukifunguka. Kifungo cha blauzi kinaingia. Wanaoipenda hawajirogi.

Kwenye kichwa na shingo ndiyo iliyo juu ya orodha. Mfuatano wa kuangalia ni huu: kumeza, kisha ndani ya saa chache (kwa wengine siku kadhaa au zaidi) homa, kichwa kikali, kichefuchefu, mwanga kuuma, shingo kukaza, na pengine kuchanganyikiwa. Ukiiacha, mambo hutulia ndani ya siku moja mpaka chache. Huko kutulia ndiko kunakowadanganya watu, kwa sababu kila kilichotolewa katikati, iwe maji ya dripu au maombi, huonekana ndicho kilichoponya.

Figo sasa. Mwili hutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini, na mojawapo ya kazi zake ni kuiacha wazi mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo. Ibuprofeni inazizuia kote, kwenye goti unakotaka na kwenye figo usikotaka. Mtu mwenye figo nzima haathiriki sana. Mwenye lupasi iliyokwisha kugusa figo, ambaye pia anatumia losatani ya presha na dawa ya kukojoza maji, anaweza kuzishusha figo zake ndani ya wiki. Prostaglandini hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo, hivyo mwenye kidonda cha tumbo asiiguse, na anayeichanganya na predinisoloni anajiongezea hatari ya kidonda. Presha nayo hupanda. Mjamzito aiache kuanzia wiki ya 20, isipokuwa daktari wake mwenyewe akiamua vingine.

Inamfaa nani basi? Mwenye uvimbe wa viungo wa siku chache, figo zilizopimwa karibuni zikakutwa nzima, asiye na vidonda wala ujauzito, aliyekwisha kuitumia bila shida, na ambaye daktari wake anajua anaitumia. Watu hao wapo, na sitawanyang'anya dawa yao. Waimeze na chakula, dozi ndogo inayotosha, siku chache.

Diklofenaki na meloksikamu

Nazitia pamoja kwa sababu ni ndugu wa ibuprofeni, ukoo mmoja, kazi moja: zinashusha uvimbe. Yote niliyoyasema juu ya figo, tumbo, presha na ujauzito yanazihusu.

Tofauti ni ndogo lakini zina maana. Diklofenaki ina nguvu kwenye viungo na inabeba tahadhari zaidi ya moyo na mishipa, na wenye lupasi tayari wana hatari ya moyo kuliko wenzao wa umri uleule. Halafu kuna mapenzi ya sindano. Mtu anafika zahanati anasema "nichome tu ya maumivu," na mara nyingi kinachochomwa ni diklofenaki. Sindano haikwepi tumbo wala figo. Dawa ikishaingia kwenye damu ni ileile. Ile ya kupaka, ya mafuta mazito kwenye tyubu, ni habari nyingine: inayoingia kwenye damu ni kidogo sana, na kwa goti moja au kiganja kimoja huwa naitaja mapema kuliko kidonge.

Meloksikamu humezwa mara moja kwa siku, miligramu 7.5 au 15, na hulichokoza tumbo kwa kiasi kidogo kuliko wenzake. Upande wa pili wa urahisi huo ni kwamba inakaa mwilini muda mrefu. Ibuprofeni ikikukataa, nusu yake imeshatoka ndani ya saa mbili hivi. Meloksikamu inahitaji karibu saa ishirini kufika nusu.

Kwa homa ya uti wa mgongo, ukoo huu wote una taarifa zake, diklofenaki ikiwemo, ingawa ibuprofeni inawaacha mbali. Aliyekataliwa na ibuprofeni si lazima akataliwe na diklofenaki. Wapo waliobadilisha wakawa salama, na wapo waliorudi wodini kwa dawa ya pili. Hilo si jaribio la kufanyia sebuleni. Binafsi, dada yangu simpi hata moja ya ukoo huo mpaka daktari wake aandike.

Tramado

Fupi: haishushi uvimbe, haigusi figo kama wale wengine, inasaidia maumivu makali ya siku chache. Inaleta kizunguzungu na kufunga choo, ina uraibu, na kwa mtu ambaye lupasi yake imewahi kumletea degedege inaweza kuliamsha. Inadhibitiwa, na kwangu haitoki bila cheti.

Kuongeza predinisoloni

Hii si dawa ya maumivu, lakini nailinganisha kwa sababu watu wanaitumia hivyo. Una kopo la vidonge vya miligramu 5, kliniki walikuambia kimoja, viungo vinauma, unameza vinne. Kesho yake unacheza.

Kwa uvimbe unaotokana na lupasi yenyewe hakuna inayoifikia kwa kasi. Kwa kichwa na shingo haimo kwenye orodha ya washukiwa. Hata pale tando zinapovimba kwa sababu ya lupasi, madaktari hutumia dawa za ukoo huuhuu kuzituliza. Bei yake unailipa baadaye: sukari, presha, mifupa, macho, uso kuvimba, na kinga inayoshuka mpaka TB na fangasi wanapata nafasi. Ukiongeza mwenyewe na kupunguza mwenyewe, unaharibu pia kipimo cha daktari, kwa sababu atakuona umetulia na kuamini dozi yake inatosha. Na kuikata ghafla baada ya kuitumia wiki kadhaa ni hatari kwa maisha, hili sitanii.

Inamfaa ambaye daktari wake amemwandikia mpango wa siku mbaya: ongeza hiki, kwa siku hizi, kisha rudi pale. Omba mpango huo kliniki ijayo. Uliza pia kuhusu haidroksiklorokwini kama hujaanzishiwa, kwa sababu hiyo, pamoja na uvivu wake wa kuchukua wiki na miezi, ndiyo inayopunguza siku mbaya zenyewe. Macho yapimwe mwanzoni, na baadaye kwa ratiba.

Moja ambayo si ya maumivu

Septrin, dawa ya kuua bakteria yenye salfa, imo kwenye orodha ileile ya dawa zinazoweza kuleta homa ya uti wa mgongo isiyo na bakteria, na wenye lupasi hupata mzio wa dawa zenye salfa kuliko wengine. Kwa baadhi inaamsha ugonjwa wenyewe. Kwa vile hutolewa kwa UTI, kuhara na kwa wanaoishi na VVU, sema "nina lupasi" kabla haijaandikwa. Kama ulianzishiwa na kliniki na inakukubali, usiiache bila kuwauliza.

Kwa hali yako

Viungo vinauma bila kuvimba, au kichwa cha kawaida cha uchovu: parasetamo inatosha, kwa nini uende mbali. Goti moja limevimba na mengine mazima: ya kupaka kwanza.

Viungo vingi vimevimba asubuhi, figo zako zilipimwa ndani ya miezi michache na ziko sawa: zungumza na daktari kuhusu ukoo wa ibuprofeni kwa siku chache, au mpango wa predinisoloni. Hapa kweli ni suala la mwili wako na historia yako. Nimeona wawili wa umri mmoja, lupasi moja, kila mmoja akafaa kwa upande wake. Kama hukumbuki lini ulipimwa figo, jihesabu kama hujapimwa. Kipimo cha mkojo cha kuangalia protini na cha damu cha kriatinini vinapatikana hospitali za Mawenzi na KCMC hapa Moshi, na Mount Meru kule Arusha, hivyo wa Arusha hana haja ya kushuka Moshi kwa ajili hiyo. Miguu ikivimba au mkojo ukitoa povu, ukoo huo uache kabisa, na uende kliniki kabla ya tarehe yako.

Mjamzito, au unayetafuta mtoto: anza na parasetamo, na mengine yaamuliwe kliniki. Haidroksiklorokwini usiiache kwa kuogopa mimba. Kwa kawaida huendelezwa.

Ulishawahi kupata kichwa na shingo baada ya kumeza: jina la dawa liandikwe kwenye kadi ya kliniki, sehemu ya mzio, kwa herufi kubwa. Jina la kisayansi, si la biashara tu, kwa sababu ibuprofeni imo kwenye vidonge vya mchanganyiko vyenye majina na rangi ambazo huwezi kuzidhania. Mwombe mtoa dawa asome kwa sauti kilichomo. Mimi siudhiki mtu akiniomba hivyo. Na tukio lenyewe liripotiwe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa fomu ya njano. Mfamasia au daktari anaijaza kwa dakika chache, na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuripoti.

Na kama sasa hivi unasoma hii ukiwa na homa, kichwa kikali na shingo iliyokaza, ulinganisho umekwisha. Usimeze kingine cha ukoo ule, lakini predinisoloni usiikate. Nenda hospitali, si duka la dawa, hata kama unahisi ni kile kidonge. Kitandani hakuna anayeweza kutofautisha homa ya dawa na ile ya bakteria, ambayo inaua kwa saa. Hata maji ya uti wa mgongo siku ya kwanza huweza kufanana. Kwa hiyo watakuwekea seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, huku wakisubiri maabara, na wako sahihi. Majibu yakiwa mazuri na hakuna kilichoota, wataisimamisha.

Beba karatasi ya vidonge, hata kama imebaki tupu. Dada yangu siku ile aliikunja kwenye khanga kwa bahati tu, alikuwa anaona aibu kuacha uchafu kwenye bajaji. Ndiyo hiyo daktari aliyoigeuza, akasoma nyuma, akaniangalia mimi.